Nani Anamuuguza Mtoto?

Mpwa wangu anasomea uuguzi. Likizo iliyopita alifika nyumbani kwangu hapa Karagwe akiwa na daftari kwapani. Tulipokwisha kunywa chai alinieleza shida yake. Angepelekwa kwa mazoezi katika zahanati moja ya Kyerwa, na huko angetakiwa kuzungumza na wazazi kuhusu namna mpya ya kuwahudumia watoto wagonjwa. Maandishi yote aliyopewa yalikuwa ya Kiingereza. "Mjomba," akasema, "nisaidie kuyaweka katika Kiswahili ambacho bibi wa kijijini atakielewa."

Mimi nilianza kufundisha 1973 nilipotoka chuo cha ualimu, nikastaafu 2011 nikiwa mwalimu mkuu. Ugonjwa wa kazi yangu haujapona: sisomi daftari la mtu bila kalamu nyekundu. Basi nilianza kusoma nikiwa nimekusudia kutafsiri, lakini kufikia usiku nilikuwa nasahihisha. Ndugu msomaji, niliyoyaandika pembeni mwa daftari lile ndiyo ninayokuletea hapa.

Somo lenyewe laweza kuitwa huduma inayomweka mtoto na familia yake katikati. Lina nguzo nne: kuiheshimu familia, kuipa habari, kuishirikisha katika kumhudumia mtoto, na kushauriana nayo katika mipango ya hospitali. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipinga nguzo hizo. Hapo niliweka alama ya vema. Lakini nguzo si nyumba, na nilitaka kujua nyumba hii ilijengwa wapi, na kwa ajili ya nani.

Kwa sehemu kubwa ilijengwa na watu waliokuwa wamefungiwa mlango. Katika Uingereza ya miaka ya 1940 na 1950, mtoto aliyelazwa hospitalini aghalabu alitengwa na wazazi wake. Hospitali nyingi ziliwaruhusu kumwona kwa saa chache tu kwa juma. Sababu zilizotolewa ni kwamba wageni wataleta maradhi, na kwamba mtoto akimwona mama yake atalia, ilhali asipomwona hutulia. Mtu mmoja, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na Dakta John Bowlby katika kliniki ya Tavistock mjini London, aliutazama utulivu huo akaona kwamba haukuwa utulivu. Mwaka 1952 alitoa filamu iitwayo "A Two-Year-Old Goes to Hospital". Inamwonyesha Laura, mtoto wa miaka miwili na miezi mitano, aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu. Robertson alieleza hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga kwa kilio. Kisha hukata tamaa. Mwishowe hujitenga: hula, hucheza, hutabasamu kwa wauguzi, lakini mama akija hamwendei. Hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiitwa kutulia.

Madaktari wengi walioiona filamu ile mara ya kwanza walikasirika. Lakini haikupita miaka kumi. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa, na mama wa mtoto mdogo apewe nafasi ya kulala hospitalini pamoja naye. Hayo yote yamo katika daftari la mpwa wangu, nayo yameelezwa vizuri.

Lisilokuwamo ni hili. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Bowlby, jina lake Mary Ainsworth, alikwenda Kampala mwaka 1954. Katika vijiji vya karibu na mji ule alizitembelea familia 26 zilizokuwa na watoto wachanga 28, akaketi sebuleni mwao mwezi baada ya mwezi, akiangalia jinsi mtoto anavyomfuata mama, anavyotambaa akaenda zake, na anavyorudi anapoogopa. Kitabu chake, "Infancy in Uganda", kilichapishwa 1967, na mafunzo mengi ambayo ulimwengu unayo leo kuhusu mtoto kushikamana na mzazi yalianzia katika sebule zile za Buganda. Nilivutiwa na jambo moja zaidi ya mengine. Ainsworth alitazama pia ni mama yupi aliyekuwa mtoa habari hodari, yaani aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani na kwa hiari, bila kuvutwa. Aliona kwamba watoto wa mama hao ndio hasa walioshikamana nao kwa usalama. Kumpenda mtoto na kumjua mtoto vilikwenda pamoja.

Kampala si mbali nasi. Ukisimama Murongo unaiona Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Basi si haki kumfundisha kijana wa Karagwe kwamba jambo hili ni mgeni aliyeshuka jana kutoka Ulaya. Lakini nilipokwisha kuandika hivyo kwa wino mwekundu, nilijizuia nisianze kujisifu. Maana sisi nasi tuna kosa letu, na ni kubwa.

Sisi hatukuufunga mlango. Ingia katika wodi ya watoto katika hospitali nyingi za nchi yetu, utamkuta mama kitandani pamoja na mtoto, au bibi juu ya mkeka chini ya kitanda. Yeye ndiye anayepika uji nje kwenye jiko la kuni. Ndiye anayefua, anayemwaga beseni, anayeushika mkono uliochomwa dripu usiku kucha ili sindano isichomoke, na anayetumwa duka la dawa na kikaratasi. Mgeni kutoka Ulaya akimwona atasema: hawa wanayo tayari familia kitandani, tuwafundishe nini? Hapo ndipo nilipoandika kwa herufi kubwa: KUWEPO SI KUSHIRIKISHWA. Punda wa mzigo naye yupo safarini, wala hakuna anayemuuliza njia.

Nitaeleza kisa changu, ili nisionekane nasema ya kusikia.

Mwaka 2013 mjukuu wangu, akiwa na miaka minne, alishikwa na malaria kali akalazwa katika hospitali moja nje ya wilaya zetu. Sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Aliongezewa damu, akaanza kupata nafuu. Mke wangu ndiye aliyelala naye. Usiku wa tatu aliona mkojo wa mtoto umebadilika rangi, umekuwa mweusi kama kahawa ya mkavu. Alimwendea muuguzi wa zamu akamweleza. Kiswahili cha mke wangu ni cha sokoni, na akiwa na hofu hukimbilia Kinyambo, ambacho muuguzi yule hakukijua. Akajibiwa, "Bibi, kalale. Daktari atakuja asubuhi."

Daktari alikuja asubuhi kweli. Lakini kabla ya raundi ilitolewa amri kama ilivyo desturi: ndugu wote nje. Mke wangu akatoka na wenzake, wakasimama kwenye baraza. Daktari alipita kitanda hadi kitanda akisoma faili. Faili halikuwa na habari za mkojo, kwa sababu aliyezijua habari hizo alikuwa upande wa pili wa ukuta, amejitanda kanga, anangoja kuruhusiwa kuingia ili akafue.

Mimi nilifika saa nane mchana, saa ya kuwaona wagonjwa. Mke wangu akanitolea chupa ya soda kutoka chini ya kitanda. Alikuwa ameuhifadhi mkojo ule tangu usiku, asije akaambiwa ameota. Nikaichukua chupa, nikatengeneza koti langu, nikaenda ofisini kwao. Nikasema kwa Kiswahili cha ualimu, "Samahani, mimi ni mwalimu mkuu mstaafu." Nikakaribishwa kiti. Baada ya dakika chache tabibu alikuwa kitandani. Malaria kali huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa wingi hata rangi yake ikatokea katika mkojo, nayo ni dalili ya hatari. Walipompima walikuta damu imeshuka tena. Aliongezewa jioni ile, akapona. Leo yuko sekondari, na hesabu zinamshinda kama zilivyomshinda babu yake.

Watu walinipongeza kwamba nimemwokoa mjukuu. Nilizipokea pongezi, na hata sasa naona aibu. Mimi sikulala pale hata usiku mmoja. Sikuongeza neno lolote juu ya yale aliyoyasema mke wangu. Nilichoongeza ni koti na lugha. Mtoto alikaa muda wa saa kumi na mbili akingoja maneno ya bibi yake yapate mtu wa kuyavaa.

Wakati ule nilikasirika sana. Nilipanga hata kuandika barua. Lakini nilipoketi kuiandika, lilinijia jambo la 1987, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mama mmoja alitembea kutoka kijiji cha mbali, akasimama mlangoni pa ofisi yangu, akasema mwanawe hasikii vizuri kwa sikio moja, na pengine ndiyo maana anashindwa darasani. Nilikuwa najaza takwimu za shule. Nikamwambia bila kuinua kichwa, "Mama, mwanao ni mvivu tu." Hata kiti sikumpa. Ulipita muhula mzima kabla mwalimu wa darasa hajagundua kwamba yule mtoto kweli alikuwa kiziwi upande wa kushoto, tukamhamishia kiti cha mbele. Muhula mzima alichapwa kwa kosa la sikio lake. Barua yangu sikuiandika. Nani angeisoma bila kunicheka, kama angalimjua yule mama?

Kwa hiyo kosa ninalolisema si la hospitali peke yake. Ni letu sote tuliopewa ofisi. Shule nyingi humwita mzazi kwa mambo mawili: kuchanga, na kuambiwa mtoto wake ni mbaya. Hospitali nyingi humwita kwa mambo mawili pia: kulipa, na kubeba. Habari alizo nazo mzazi juu ya mtoto hatuzihesabu kuwa elimu. Tuna methali isemayo uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila tunapoitumia tunashika neno uchungu, tunamwonea mzazi huruma. Tungeshika pia lile neno "aujuaye".

Lugha yetu yenyewe imetangulia katika jambo hili. Nilipokuwa natafuta maneno ya kumpa mpwa wangu, niliona kwamba kuugua kumezaa kuuguza, na kuuguza kumezaa muuguzi. Aliyesomea, mwenye sare nyeupe, ni muuguzi. Bibi aliye juu ya mkeka, naye anauguza. Kiswahili hakikuwatenga. Kinasema kazi ni moja na wanaoifanya ni wawili. Kilichobaki ni wawili hao kuzungumza.

Swali langu la pili pembeni mwa daftari lilikuwa: familia ipi? Maandishi yale kila mara husema "wazazi", na picha iliyomo inaonyesha baba, mama na mtoto mmoja. Kagera hatuwezi kusoma hivyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vifo vilipita katika migomba yetu vikaacha bibi na wajukuu. Wapo watoto waliolelewa na bibi, na ambao sasa wana watoto wao wanaolelewa na bibi huyo huyo. Ukimwambia mtu kama huyo, "Mlete mama wa mtoto ndipo tuzungumze," umefunga mlango ule ule aliokuwa akiulalamikia Robertson. Swali la kuuliza kitandani ni: nani analala na mtoto huyu nyumbani? Huyo ndiye familia.

Tena familia haiko yote kitandani. Mtoto wa Kyerwa akipewa rufaa kwenda Bukoba, au Bugando huko Mwanza, mama anakwenda naye, na nyumbani wanabaki watoto wengine, mbuzi, na kahawa inayoanguka chini. Mama anayeomba aruhusiwe kabla ya siku hatakuwa hampendi mtoto wake. Mara nyingi anawapenda wanne, na hospitali inamwona mmoja. Hospitali inayojali familia humuuliza amewaachia nani, na humwambia mapema ni siku ngapi zinatarajiwa, ili apate kujipanga.

Swali la tatu: mtoto mwenyewe yuko wapi? Jina la huduma linamtaja kwanza, lakini katika kurasa nyingi anazungumziwa kama furushi lililo kati ya watu wazima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto awezaye kuwa na maoni yake ayatoe katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Na hapa siwezi kuwalaumu wauguzi kabla ya kutulaumu sisi wa nyumbani. Ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kumwambia mtoto, "Nyamaza, utapelekwa kuchomwa sindano"? Tunamfanya muuguzi kuwa zimwi miaka mitano, kisha siku ya ugonjwa tunashangaa mtoto anapiga kelele getini. Na tukifika ndani tunamdanganya kwamba haitauma. Nimefundisha watoto miaka 38. Mtoto aliyeambiwa ukweli, "Itauma kidogo, hesabu mpaka tano, nitakushika mkono," hulia kidogo. Mtoto aliyedanganywa leo, kesho atashikwa na watu wanne.

Mpwa wangu alipoyasoma masahihisho yangu alijitetea, na utetezi wake una haki yake. Alisema, "Mjomba, muuguzi mmoja usiku ana wodi nzima. Akisimama kumsikiliza kila bibi, nani atatoa dawa?" Nilikubali kwamba wauguzi ni wachache na kwamba uchovu wao ni wa kweli. Wapo pia wagonjwa ambao lazima watengwe. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia mkoani kwetu hakuna aliyetaka wodi iwe sokoni. Lakini nilimwuliza: ikiwa macho ni machache, je, tuyafumbe na yale tuliyo nayo bure? Bibi aliyekesha na mtoto mmoja ameona yale ambayo muuguzi mwenye watoto thelathini hawezi kuyaona. Kumsikiliza dakika mbili wakati wa raundi si mzigo wa ziada. Ndiyo raundi yenyewe.

Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya upole tu. Utafiti wa taifa wa 2022 unaonyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 43 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na 24 kati ya hao hufa katika mwezi wa kwanza. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo sana. Kwa kawaida mtoto wa namna hiyo huwekwa katika chumba maalumu na mama hukaa kwingine mpaka mtoto apate nguvu. Katika utafiti ule, nusu ya watoto walilazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, na mama akapewa kitanda ndani ya chumba kile kile cha uangalizi. Mama asipoweza, ndugu mwingine alikishika kifua hicho. Upande wa zamani walikufa asilimia 15.7 katika siku 28 za kwanza. Upande wa mama walikufa asilimia 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Hakuna mashine mpya iliyoletwa kuleta tofauti hiyo. Ulifunguliwa mlango, kikaingizwa kitanda.

Usiku ule wa mwisho tulikaa na mpwa wangu kuandika hotuba yake. Tulifuta maneno mengi makubwa. Tulibakiza maswali manne ya kumuuliza yeyote aliyemleta mtoto, na kuyauliza kwa lugha anayoielewa, hata kama ni kwa kumwita mpishi au mfagizi aje kutafsiri: Nani analala na mtoto huyu? Umeona nini tangu jana? Umeelewa nini katika tuliyokuambia? Unaogopa nini? Na swali la tano ni la mtoto mwenyewe, baada ya kuinama mpaka macho yalingane: wapi panauma?

Asubuhi, kabla hajapanda bodaboda, mke wangu alimwita pembeni. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu yote kutoka jikoni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza neno. Alimwambia, "Wakati wa raundi, msitutoe nje." Mpwa wangu alilifungua daftari, akaliegemeza kwenye kiti cha pikipiki, akayaandika maneno hayo juu kabisa, akiyatanguliza kabla ya masahihisho yangu.